Splaini Inapokosea: Dalili, Sababu na Marekebisho

Splaini ya daraja la tatu huunganisha nukta zako kwa vipande vya polinomia, kipande kimoja kati ya kila nukta mbili jirani. Kwenye kila maungio, vipande viwili hulingana kwa mambo matatu: thamani, mteremko, na kinyambuo cha pili, yaani namna mteremko wenyewe unavyobadilika. Ukihesabu, nukta n+1 huzaa vipande n vyenye vizidishi 4n visivyojulikana, ilhali masharti yanayopatikana ni 4n−2 tu. Mawili yaliyobaki lazima mtu ayaamue. Usipoyaamua wewe, programu itayaamua kimyakimya.

Hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Hesabu ya splaini ni imara tangu mwanahisabati Schoenberg alipoiwekea msingi mwaka 1946. Kinachoharibu kazi ni dhana iliyoingizwa bila wewe kujua. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini swali ni lilelile: programu imedhani nini ambacho vipimo vyako havikusema?

Mfano mkuu utakuwa kupwa na kujaa kwa bahari katika pwani kama ya Mombasa au Dar es Salaam, ambako wakati wa bamvu tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 3 na zaidi. Mzunguko mkuu unaoletwa na mwezi huchukua saa 12 na dakika 25. Tukiurahisisha, kimo cha maji ni 1.5·cos(0.506t): mita kutoka usawa wa wastani, na t ni saa zilizopita tangu maji yalipojaa kabisa.

Kabla ya kugusa chochote: pima kosa linavyopungua

Splaini iliyowekwa vizuri ina kikomo cha kosa kinachojulikana: 5/384 × h⁴ × ukubwa wa juu kabisa wa kinyambuo cha nne, h ikiwa nafasi kati ya nukta. Hiki ni kikomo cha splaini iliyopewa mteremko sahihi kwenye ncha zake mbili. Kwa maji yetu yaliyopimwa kila saa, kosa halizidi milimita 1.3. Ukipima kila baada ya saa 2 kikomo hupanda hadi sentimita 2, na kila baada ya saa 3 hufika sentimita 10. Namba hizi zinatosha kukuamulia ratiba ya vipimo kabla hujaingia baharini.

Kutokana na h⁴, ukigawa nafasi kwa mbili kosa linapaswa kushuka mara 16. Jaribu kwa fanksheni unayoijua, mara ya kwanza kwa h, mara ya pili kwa h/2, kisha soma uwiano. Likishuka mara 16, splaini ni nzima. Likishuka mara 4 tu, karibu kila mara ni masharti ya ncha, au umetumia splaini inayolinda mwelekeo (tutaifikia). Likishuka mara 2, kuna kona ndani ya data, mahali mteremko unapobadilika ghafla. Likishuka mara 1.4, fanksheni inasimama wima mahali fulani kama kipeuo cha pili cha x kinavyofanya kwenye sifuri. Hapo badilisha kigezo, kwa mfano chora dhidi ya kipeuo cha pili cha x badala ya x. Kosa lisiposhuka kabisa, una mruko au una vipimo vyenye mtikisiko (makosa madogo yasiyo na mpangilio).

Kama huna fanksheni ya kweli ya kulinganishia, ondoa kila nukta ya pili, jenga splaini kwa zilizobaki, halafu linganisha na ulizoziondoa. Tofauti utakayoipata ni kosa la nafasi 2h. Igawe kwa 16 upate makadirio ya kosa la splaini yako kamili. Jaribio hili ni la dakika chache, na linafaa kufanywa kwa kila seti mpya ya data.

Katikati pamenyooka vizuri, ncha zimeharibika

Sababu ni splaini iitwayo asilia, inayolazimisha kinyambuo cha pili kuwa sifuri kwenye ncha zote mbili. Ndiyo inayotumiwa na gnuplot (programu ya kuchora grafu) ukiandika `smooth csplines`, na ndiyo inayofundishwa kwanza madarasani kwa sababu milinganyo yake ni mifupi. Lakini maji yanapokuwa yamejaa kabisa, kinyambuo cha pili cha kweli si sifuri; ni karibu −0.384 (mita kwa saa mraba). Data ikianzia hapo, splaini asilia hunyoosha mstari mahali ulipopaswa kupinda, na ndani ya saa ya kwanza kosa hufika karibu sentimita 1.9 badala ya milimita 1.3.

Habari njema ni kwamba kosa hili halisafiri mbali. Kwa nafasi zilizo sawa hupungua takriban mara 3.73 kila linapovuka fundo moja, yaani maungio ya vipande viwili. Baada ya mafundo mawili limeshakaribia kiwango cha kawaida, na baada ya sita halionekani. Ndiyo maana katikati panaonekana safi na watu hudhani kila kitu kiko sawa.

Marekebisho yana daraja. Kama mteremko wa ncha unajulikana, upe: kwenye SciPy (maktaba ya hesabu ya Python) ni `CubicSpline(x, y, bc_type=((1, m0), (1, mn)))`; kwenye MATLAB (programu ya hesabu), orodha ya y huongezewa thamani mbili, moja mwanzoni na moja mwishoni, ambazo ndizo miteremko. (Kwa hiyo MATLAB ikipewa y iliyozidi x kwa thamani mbili kwa bahati mbaya, haitalalamika, itazifanya miteremko.) Kama mteremko haujulikani, tumia sharti la `not-a-knot`, linalofanya vipande viwili vya kwanza viwe polinomia moja, na viwili vya mwisho vivyo hivyo. Ndilo chaguo la awali la `CubicSpline` na la `spline` ya MATLAB. Kama jambo linajirudia kwa mzunguko uliofungwa, tumia `periodic`, lakini nukta ya mwisho lazima iwe na thamani ileile ya ya kwanza. Ukisahau kuirudia, programu itakukatalia.

Penye uwezekano, njia bora kuliko zote ni kupima zaidi ya unachohitaji. Chukua nukta nne za ziada kila upande, jenga splaini, kisha tupa ncha hizo. Kwa kupungua mara 3.73 kila fundo, hakuna sharti la ncha litakalokufikia.

Mstari unapanda juu ya data, au unashuka chini ya sifuri

Chukua mfululizo mrefu wa nukta …, 0, 0, 0, 1, 1, 1, … zenye nafasi sawa. Splaini ya kawaida haitabaki kati ya 0 na 1: itapindukia juu ya 1 kwa karibu asilimia 11, na chini ya 0 kiasi hichohicho, kisha itaendelea kuyumba kwa mawimbi yanayofifia. Kuongeza nukta hakusaidii. Mawimbi yatakuwa membamba zaidi, lakini asilimia 11 itabaki palepale, kwa sababu splaini inalazimishwa kulinganisha kinyambuo cha pili pande zote mbili za mruko ambao kiasili hauna kinyambuo.

Dalili hii ina madhara ya kweli. Jumla ya mvua iliyolimbikizwa haiwezi kushuka. Mstari ukishuka, umechora mvua hasi. Ukolezi wa dawa mwilini hauwezi kuwa chini ya sifuri. Hapo tumia splaini inayolinda mwelekeo, iliyotokana na kazi ya Fritsch na Carlson ya mwaka 1980: `PchipInterpolator` kwenye SciPy, `pchip` kwenye MATLAB, `smooth mcsplines` kwenye gnuplot. Kama unataka kitu cha katikati, njia ya Akima ya mwaka 1970 huyumba kidogo kuliko splaini ya kawaida bila kuzuia kila kitu.

Lakini usiifanye PCHIP, yaani hiyo splaini inayolinda mwelekeo, kuwa dawa ya kila kitu. Inalinda mwelekeo kwa kuweka mteremko sifuri kwenye kila nukta iliyo juu au chini kuliko majirani zake wote wawili. Kilele chako basi hakiwezi kuzidi kipimo cha juu kabisa. Kwa maji yanayopimwa kila saa, kilele cha kweli kinaweza kuangukia nusu saa kati ya vipimo viwili, na PCHIP itakikata kwa karibu sentimita 4.8, pale ambapo splaini ya kawaida ingekosea kwa milimita moja. Pia kinyambuo chake cha pili huruka kwenye mafundo, hivyo haifai kwa kazi yoyote inayohitaji kuchukua vinyambuo viwili.

Kama unajua mruko uko wapi, mathalani pampu iliwashwa saa fulani, kata data hapo na ujenge splaini mbili tofauti. Hakuna hila inayoshinda hiyo.

Kilele kimehama kutoka wakati uliopewa

Majedwali ya bahari mara nyingi hutoa maji kujaa na maji kupwa pekee, takriban kila baada ya saa 6 na dakika 12. Ukizipitisha nukta hizo kwenye splaini ya kawaida, mstari utazigusa zote, lakini kilele cha mstari kitatokea kabla au baada ya saa iliyoandikwa, na kitakuwa juu kidogo kuliko kimo kilichoandikwa. Bamvu na maji mafu yanavyopishana, kujaa kunakofuata hakulingani na kulikotangulia, na splaini haijui kwamba nukta ulizoipa ni vilele.

Ulijua, hukuiambia. Kwa kila nukta ya aina hiyo mteremko ni sifuri, na hiyo ni taarifa inayotosha kujenga kila kipande peke yake: `CubicHermiteSpline(x, y, dydx)` na dydx yote sifuri. Ukilinganisha na kosini, mkunjo huo hukosea kwa asilimia 2 hivi ya nusu ya tofauti ya maji, yaani sentimita 3 kwa mfano wetu. Ndani ya mikono ya bahari na mito, ambako maji hujaa haraka kuliko yanavyopwa, kosa litakuwa kubwa zaidi na hutaliondoa bila vipimo vya katikati.

Kinyume chake, ukiwa na vipimo vya kila saa na unatafuta wakati wa kujaa, usikague thamani elfu moja moja. Mteremko wa kila kipande ni mlinganyo wa daraja la pili, unaotatuliwa moja kwa moja: `cs.derivative().roots()`, `cs` ikiwa splaini uliyoijenga kwa `CubicSpline`. Chuja majibu yaliyo nje ya data, kisha angalia alama ya kinyambuo cha pili kutenganisha kujaa na kupwa.

Mkunjo unapendeza, vinyambuo vyake havitumiki

Hii huwashangaza hata wazoefu. Mstari wa kimo ni laini kabisa, lakini ukichora kinyambuo chake cha pili unaona meno ya msumeno. Sababu ni kwamba splaini inapita kwenye kila kipimo, pamoja na makosa yake. Kipimo kikiwa na kosa lisilozidi δ, kosa la kinyambuo cha pili kwenye mafundo linaweza kufika 12δ/h².

Weka namba. Kipima maji kinachokadiria hadi sentimita nzima kina δ ya mita 0.005. Kwa vipimo vya kila saa kosa linaweza kufika 0.06, ukilinganisha na thamani ya kweli ya 0.384: la kuvumilika. Kwa vipimo vya kila dakika 6, h ni 0.1 na kosa linaweza kufika 6, zaidi ya mara kumi na tano ya kitu unachotafuta. Vipimo vingi zaidi vimekupa jibu baya zaidi, na hakuna programu itakayokuonya.

Tiba ni splaini ya kulainisha, ambayo inaruhusiwa kupita karibu na nukta bila kuzigusa. Kwenye `splrep` au `UnivariateSpline` za SciPy, kigezo `s` ndicho kikomo cha jumla ya miraba ya tofauti, kila tofauti ikiwa imezidishwa kwa uzito wake. Weka uzito wa kila nukta kuwa 1 gawanya kwa mkengeuko wake wa kawaida, halafu chagua `s` kati ya m−√(2m) na m+√(2m), m ikiwa idadi ya nukta. Kwa siku moja ya vipimo vya kila dakika 6, m ni 240, hivyo `s` ni kati ya 218 na 262. Ukadiriaji wa sentimita nzima una mkengeuko wa sentimita 0.29 hivi; mawimbi ya upepo yakiongeza mtikisiko, uzito upunguzwe. `s=0` hukurudisha kwenye splaini inayogusa kila nukta, tatizo lilelile ulilolianza. Usipojua ukubwa wa mtikisiko, `make_smoothing_spline` huchagua kiwango cha ulainishaji yenyewe.

Kisha chora mabaki, yaani kipimo toa splaini. Yakirukaruka juu na chini ya sifuri bila mpangilio, umelainisha kiasi cha haki. Yakikaa upande mmoja kwa nukta kumi au ishirini mfululizo, umelainisha mno na umekula sehemu ya ishara yenyewe.

Mkunjo unajifunga kitanzi au unarudi nyuma

Hutokea kwenye mikunjo ya parameta, ambako x na y zote hukokotolewa kutokana na kigezo cha tatu: ramani ya ufuo, njia ya gari, herufi. Sababu ni kutumia namba ya nukta (0, 1, 2, 3) kama parameta wakati umbali kati ya nukta si sawa. Chukua nukta nne kwenye mstari mmoja, kwenye 0, 10, 11 na 21. Mkunjo wa Catmull-Rom, ambao hukadiria mteremko wa kila nukta kutokana na majirani zake, ukiwa wa parameta sawa hupewa mteremko wa 5.5 kwenye 10 na kwenye 11, kwa kipande chenye urefu wa 1 tu. Katikati ya kipande hicho kasi ni 1.5 − 0.25 × 11 = −1.25. Alama hasi maana yake mkunjo unarudi nyuma, na nukta zikitoka kidogo kwenye mstari ulionyooka utaona kitanzi.

Badilisha parameta iongezeke kwa kipeuo cha pili cha umbali kati ya nukta. Katika mfano huo hatua zinakuwa 3.16, 1 na 3.16, mteremko unashuka hadi karibu 1.52, na kasi ya katikati inakuwa chanya, 0.74. Kwa mikunjo ya Catmull-Rom imethibitishwa kihisabati kwamba chaguo hili halitoi kitanzi wala ncha kali ndani ya kipande. Kwa splaini kamili, kutumia umbali wenyewe kama parameta kwa kawaida kunatosha, na ndivyo `splprep` inavyofanya ukiiachia. Mihimili ikiwa na vipimo tofauti, kama mita dhidi ya saa, iweke kwanza kwenye mizani moja, la sivyo umbali hauna maana.

Mchoro una pembe ukiukuza, au faili ni zito mno

Umechora mkunjo kwa mamia ya mistari mifupi iliyonyooka. Huna haja. SVG, PostScript na PDF zote zinajua mkunjo wa Bézier wa daraja la tatu (kipande cha polinomia kinachoelezwa kwa ncha mbili na nukta mbili za kuongozea), na kila kipande cha splaini yako ni mkunjo huo kamili, bila ukadiriaji wowote. Kwa kipande kutoka (x₀, y₀) hadi (x₁, y₁), upana h, miteremko m₀ na m₁, nukta mbili za kuongozea ni (x₀ + h/3, y₀ + h·m₀/3) na (x₁ − h/3, y₁ − h·m₁/3). Kosa linaloonekana sana hapa ni kusahau kugawa kwa 3. Mkunjo huvimba kila kipande kama shanga.

Kama mhimili ni wa logi, chukua logi za data kwanza, jenga splaini, ndipo utoe nukta za kuongozea. Kubadilisha nukta zenyewe baada ya kuzikokotoa hakutoi mkunjo uleule.

Chaguo la `smooth` kwenye TikZ (zana ya kuchora ya LaTeX), na `smooth bezier` kwenye gnuplot, ni vitu vingine kabisa. La kwanza linabuni miteremko kwa kuangalia nukta jirani. La pili halipiti hata kwenye nukta za katikati. Yanafaa kwa mapambo, si kwa mchoro ambao mtu atausoma namba.

Duara nalo halichoreki kikamilifu kwa polinomia. Robo ya duara kwa Bézier moja, nukta za kuongozea zikiwa umbali wa 0.5523 ya rediasi, hukosea kwa asilimia 0.027: milimita 0.027 kwenye rediasi ya milimita 100. Kwa kuchapa inatosha. Kwa mashine ya kukata chuma tumia NURBS (splaini ya uwiano wa polinomia, yenye uzito kwa kila nukta) ya daraja la pili yenye uzito 1, √2/2 na 1, ambayo ni duara halisi.

Ukinakili vizidishi, majibu hayalingani

Vizidishi ni vya (x − xᵢ), si vya x. Kwa SciPy safu ya kwanza ya `c` ni ya daraja la tatu na ya mwisho ni thamani yenyewe. Usipanue kuwa polinomia ya x tupu: nyakati zilizoandikwa kama sekunde tangu 1970 zikipandishwa kwenye daraja la tatu hufika 10²⁷, na tarakimu 16 za kompyuta huishia kwenye utoaji wa namba kubwa zilizokaribiana. Toa xᵢ kwanza.

Programu inakataa kujenga splaini

Ikisema x lazima iongezeke, tafuta nukta mbili zenye x moja, au saa zilizorudi sifuri baada ya kuvuka saa sita usiku. Nakala zichukulie wastani. Saa zigeuze kuwa saa zilizopita tangu mwanzo. Ikisema matriksi haina kinyume, umechagua mafundo ya B-splaini (splaini inayoandikwa kama jumla ya mikunjo ya msingi) ambayo baadhi hayana data ya kuyashikilia: kwa kila j, kipimo xⱼ kinapaswa kuwa kati ya fundo tⱼ na fundo tⱼ₊₄. Hesabu pia idadi: vizidishi 10 vya daraja la tatu vinataka mafundo 14, manne ya kwanza na manne ya mwisho yakirudiwa kwenye ncha. Fundo likirudiwa ndani, ulaini hupungua hatua moja kwa kila marudio, na likirudiwa mara tatu unapata kona.

Nje ya data mkunjo unakimbia

`CubicSpline` huendeleza kipande cha mwisho bila kikomo usipoikataza. Weka `extrapolate=False`, nayo itatoa NaN (alama ya "si namba") nje ya mipaka. Ukitaka kimo cha maji cha kesho, splaini si chombo chake: linganisha vipimo vya angalau mwezi mmoja na jumla ya kosini zenye mizunguko inayojulikana ya mwezi na jua, kokotoa kimo cha kila saa kutokana nazo, ndipo splaini ijaze dakika zilizo katikati.